Sumu ya Panya Mezani kwa Bingwa

Goli la futiboli ya Kimarekani halina nyavu. Ni bomba nene la chuma, la rangi ya njano, lililopinda shingoni na kugawanyika juu kama panda ya manati. Jioni ya Oktoba 5, 2024, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, jijini Nashville, waling'oa goli la namna hiyo katika uwanja wao wenyewe, wakalitoa nje na kulibeba mabegani kilomita kadhaa hadi Broadway, mtaa wa baa na muziki wa kantri. Hapo napo hawakusimama. Walishuka nalo mpaka mto Cumberland, wakalitosa.

SEC, ligi ya vyuo vya kusini mwa Marekani, ilikitoza chuo faini ya dola 100,000 kwa mashabiki kuvamia uwanja. Sijasikia mtu wa Vanderbilt aliyelalamika.

Walikuwa wameifunga Alabama 40–35. Ili msomaji aliyezoea Kariakoo na Ligi Kuu ya Uingereza aelewe ukubwa wa jambo hili, inabidi nimpe hesabu. Vanderbilt ni chuo cha wasomi, chenye madaktari na wanasheria wengi kuliko vikombe. Ilikuwa imefungwa na Alabama mara 23 mfululizo. Ushindi wake wa mwisho dhidi yao ulikuwa wa mwaka 1984. Ilikuwa imekutana na timu zilizo katika tano bora za taifa mara 60, na mara zote 60 haikushinda. Kwa lugha ya magazeti yetu ya michezo, huyu ni kibonde. Alabama waliingia uwanjani wakiwa namba 1 nchini.

Wiki moja kabla, Alabama hao hao walikuwa wameifunga Georgia 41–34, katika mechi ambayo nchi nzima iliitazama. Mwenye jicho alikuwa ameshaona kitu usiku ule. Waliongoza 28–0, wakalala, Georgia wakarudi mpaka wakawa mbele 34–33, na kilichowaokoa ni mpira mmoja wa yadi 75 uliodakwa na kijana wa miaka 17, Ryan Williams. Kesho yake sifa zote zikaenda kwa kijana. Usingizi uliofuata zile 28–0 haukuzungumzwa sana.

Kwetu kuna neno moja la hali hiyo, na kila mchambuzi wa redio analo mdomoni: kubweteka. Timu imebweteka na mafanikio. Ni neno tamu lakini jepesi, maana halielezi kilichotokea kichwani mwa mchezaji. Kijana wa miaka 20 haamki asubuhi na kuamua leo asijitume. Anachofanya ni kuanza kuamini kwamba ushindi ni haki yake kwa sababu ya jezi aliyovaa, na kwamba mwenzake wa upande wa pili analijua hilo na atatoa njia. Anaona anadaiwa ushindi, kama mtu anayekwenda dirishani kuchukua mshahara.

Hakuna mahali ugonjwa huu umepigwa vita kwa muda mrefu na kwa jeuri kama Tuscaloosa, mji wa Alabama wenye wakazi takribani 100,000 na uwanja, Bryant-Denny, unaoingiza watu takribani 100,000. Nje ya uwanja huo kuna sanamu za shaba za makocha waliotwaa ubingwa wa taifa. Paul Bryant, aliyeitwa Dubu, yupo. Alifundisha hapo kuanzia 1958 hadi 1982 na kuchukua mataji sita. Nick Saban naye yupo. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2011, akiwa bado kazini, na ikabidi apite mbele yake kwenda kazini kwa miaka 12 zaidi. Sijui ni wangapi kati yetu tungeweza kupita mbele ya sanamu yetu wenyewe kila wiki na kubaki na akili timamu.

Saban alizaliwa West Virginia, nchi ya machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake, naye akiitwa Nick, alikuwa na kituo kidogo cha mafuta, na mtoto alianza kazi hapo akiwa na miaka 11: kujaza mafuta, kufuta vioo, kupima upepo wa matairi, kuosha magari. Masharti ya kuosha yalikuwa mafupi. Mzee akikuta mchirizi mmoja wa maji uliokaukia bodini, gari zima linaoshwa upya. Saban amesimulia mara nyingi kwamba tangu hapo alichukia magari meusi na ya buluu iliyokolea, kwa sababu hayafichi mchirizi. Siku alipopata alama mbovu shuleni katika somo la muziki, kwa sababu aliona haya kusimama na kuimba, baba yake alimshusha mamia ya futi chini ya ardhi, machimboni, akamuuliza kama maisha anayoyataka ni haya.

Nimeisoma simulizi hiyo ya gari mara kadhaa, na kinachonigusa ni kwamba mzee hakuwa akizungumzia wateja. Mteja angeridhika. Gari lilikuwa safi, na mchirizi mmoja haumzuii mtu kwenda kanisani. Kipimo hakikuwa kuridhika kwa mwenye gari, kilikuwa gari lenyewe. Ukiielewa hiyo umeelewa mambo mengi aliyokuja kuyafanya Saban miaka 40 baadaye akiwa na wachezaji waliokwisha shangiliwa tangu wakiwa sekondari.

Njia yake ikaja kuitwa "Mchakato". Wengi huitaja kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni, lakini ina tarehe na ina mtu. Mwaka 1998 Saban alikuwa kocha wa Michigan State, timu ya wastani iliyokuwa imeshinda mechi nne na kupoteza tano. Novemba 7 walikuwa wageni wa Ohio State, namba 1 wa nchi, ambao hawakuwa wamefungwa. Daktari wa magonjwa ya akili wa Michigan State, Lionel Rosen, ndiye aliyempa wazo: mchezo huu umekatwa vipande vidogo, na kila kipande hudumu sekunde chache tu kabla refa hajapuliza filimbi. Mwambie mchezaji asahau ubao wa matokeo, asahau jina la mpinzani, acheze sekunde hizo chache, apumue, kisha acheze nyingine. Katika robo ya tatu Michigan State walikuwa nyuma 24–9. Mwisho wa mchezo walishinda 28–24.

Angalia dawa hii ilitengenezewa nani. Ilitengenezewa mnyonge, ili asiogope. Werevu wa Saban ni kwamba alipofika Alabama mwaka 2007 aliichukua dawa ya woga akaigeuza kuwa dawa ya kiburi. Asiyetazama ubao wa matokeo hatishiki akiwa nyuma, na halali akiwa mbele. Ohio State waliolala siku ile wakiongoza 24–9 walikuwa somo lake la pili, ingawa hakulilipia ada.

Msimu wake wa kwanza Alabama ulikuwa na aibu: walifungwa nyumbani 21–14 na Louisiana-Monroe, chuo kidogo ambacho wengi wa mashabiki wao wasingeweza kukionyesha kwenye ramani. Msimu uliofuata walishinda mechi 12 mfululizo. Miaka miwili baada ya aibu ile, wakawa mabingwa wa taifa, 14–0. Wachezaji wa kikosi hicho, angalau wale wakubwa, walikuwa wameonja matope. Walijua timu inavyonuka inapofungwa na kibonde nyumbani kwake.

Walioingia baada yao hawakujua, na kwangu kiini cha jambo lote kiko hapo. Timu ya chuo hubadilisha watu wake kila baada ya miaka minne kwa nguvu ya kalenda. Wanaojenga wanahitimu, na wanaobaki ni warithi. Mrithi hakumwona babu akilima. Yeye alizaliwa akakuta shamba. Msimu wa 2010 Alabama, bingwa mtetezi, waliongoza Auburn 24–0 katika uwanja wao wenyewe na wakafungwa 28–27. Mwaka 2013, baada ya mataji mawili mfululizo, walikuwa tena namba 1, hawajafungwa, wakakutana na Auburn hao hao. Ikiwa imebaki sekunde 1, matokeo 28–28, Alabama walijaribu mkwaju wa yadi 57. Mpira ukapungua nguvu. Chris Davis wa Auburn aliudaka nyuma kabisa ya eneo la goli lake, akakimbia nao uwanja mzima, na mchezo ukaishia 34–28.

Lakini mechi inayonifundisha zaidi si hiyo. Ile ilikuwa bahati mbaya na mbio za mtu mmoja. Mechi ya kusoma ni ya takribani mwezi mmoja baadaye, Januari 2, 2014, New Orleans, dhidi ya Oklahoma. Ubingwa ulikuwa umeshaponyoka, kilichobaki kilikuwa kombe la heshima tu. Alabama walikuwa wakipewa nafasi kubwa mno ya kushinda. Walilala 45–31. Jambo hilo hilo lilikuwa limetokea Januari 2009: baada ya kukosa nafasi ya kugombea taji, walikwenda New Orleans kucheza na Utah, wakajikuta nyuma 21–0 robo ya kwanza, wakafungwa 31–17. Aliyezoea karamu haoni ugali kuwa chakula. Ukimwekea kombe dogo mezani haligusi, na wakati huo huo mpinzani wake hajawahi kuona kombe kubwa kama hilo maishani mwake.

Saban alijua adui huyu hawezi kumalizwa kwa kupiga kelele vyumbani. Akahamia kwa waandishi wa habari. Oktoba 2017, baada ya kuifunga Texas A&M 27–19, alisimama mbele ya vipaza sauti na kuwaambia kwamba yale wanayoyaandika kuhusu timu yake ni sumu ya panya. Kauli ikawa ya taifa zima. Waswahili tulishaimaliza kesi hiyo kwa mgema na tembo lake, ila sisi tulimlaumu mgema. Saban aliwalaumu wasifiaji, na nadhani alikuwa na akili zaidi, kwa sababu mgema wa miaka 19 mwenye simu mkononi anasifiwa mara elfu kwa siku na hawezi kujizuia kusikia. Miaka minne baadaye, Desemba 2021, Alabama waliingia fainali ya SEC wakiambiwa kila kona kwamba Georgia watawachakaza. Wakashinda 41–24. Saban akarudi kwa waandishi akisema sumu ya safari hii ilikuwa tamu. Huyu mzee alihitaji kudharauliwa kama gari linavyohitaji mafuta, na miaka ambayo hakuna aliyemdharau ilimpa shida kuliko miaka mingine yote.

Ugonjwa huo ulivuka mstari wa uwanja ukapanda jukwaani. Hapa kuna jambo ambalo, kama nisingelijua, ningedhani ni utani wa kijiweni. Alabama walikuwa wakishinda kwa tofauti kubwa kiasi kwamba wanafunzi walikuwa wakija, wakipiga picha, na kuondoka mapumziko. Jua la Septemba la kusini ni kali, mchezo umeshaisha kabla haujaisha, na baa ziko wazi. Saban alikasirika hadharani. Mwaka 2019 idara ya michezo ya chuo ikatoa programu ya simu iliyofuatilia mahali mwanafunzi alipo. Aliyehudhuria alipata pointi 100. Aliyebaki mpaka robo ya nne alipata 250 zaidi. Pointi hizo zilimpa kipaumbele cha tiketi za mechi kubwa za mwisho wa msimu.

Yaani timu bora kuliko zote nchini ililazimika kuwahonga watu wake ili wakae waitazame ikishinda. Sijawahi kukutana na kipimo kizuri zaidi cha kushiba.

Hapo ndipo neno letu la pili linapoingia. Kwenye klabu zetu ukisema motisha, watu wanafikiria bahasha. Timu imepewa motisha, maana yake viongozi wametoa fedha. Kiswahili kimekubali kwamba kinachomsukuma mtu na kinacholipwa mtu vibebe jina moja, na wengi hatuoni tatizo. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alionyesha kwamba tatizo lipo. Aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kuunganisha, wa kundi moja wakilipwa dola 1 kwa kila fumbo wanalolimaliza. Malipo yalipokatwa, waliolipwa walipoteza hamu. Muda wao wa mapumziko waliutumia kidogo kwenye mafumbo kuliko hapo awali. Fedha ilikuwa imechukua nafasi ya raha.

Tangu Julai 1, 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kuingiza fedha kutokana na jina na sura zao. Mwezi huo huo Saban alieleza kwamba mrushaji mkuu (quarterback) wake mpya, Bryce Young, mikataba yake imekaribia dola milioni 1, na kijana alikuwa hajaanza hata mechi moja. Mwaka huo huo pia mchezaji aliruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Baada ya kustaafu Januari 10, 2024, Saban alieleza kwamba mazungumzo yake ya mwisho na wachezaji yalikuwa juu ya mambo mawili: nitacheza kwa uhakika gani, na mtanilipa kiasi gani. Vijana wamekuwa wa kudai, ndiyo hitimisho wengi walilolichukua.

Mimi silichukui lote. Utah ilikuwa 2009. Auburn ilikuwa 2010. Oklahoma ilikuwa 2014. Miaka hiyo mchezaji hakuwa akilipwa kihalali zaidi ya masomo, chakula na kitanda, na bado alilala usingizi mnono. Fedha haikuzaa kujiona unadaiwa. Iliweka tu bei juu ya kitu kilichokuwepo.

Na tukiwa wakweli, nani alifundisha wenzake kuhama? Desemba 2006 Saban alikuwa kocha wa Miami Dolphins, timu ya kulipwa. Alisimama mbele ya waandishi akasema hatakuwa kocha wa Alabama. Haikupita wiki mbili akawa kocha wa Alabama, kwa mkataba wa miaka 8 na dola milioni 32. Misimu yake ya mwisho alikuwa akipokea zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Simlaumu kwa fedha hiyo, aliifanyia kazi. Lakini kijana ambaye ni mrushaji wa tatu anayeuliza atacheza lini, au atahama, anafuata nyayo ambazo mwenye viatu anazitambua.

Kuna mfano mkali zaidi huko Texas. Mwaka 2022 Texas A&M walisajili kundi la vijana lililopewa daraja la kwanza nchi nzima. Saban alidai waziwazi kwamba walilinunua. Kocha wao, Jimbo Fisher, aliyewahi kufanya kazi chini ya Saban, alijibu kwa hasira ambayo haikuwa imezoeleka kati ya makocha. Kisha msimu ukaanza. A&M walifungwa nyumbani 17–14 na Appalachian State, na wakamaliza na ushindi 5 na vipigo 7. Novemba 2023 Fisher alifukuzwa, na mkataba wake ulimhakikishia zaidi ya dola milioni 75 za kutofundisha. Mtu akitaka kuandika kamusi na akafika kwenye neno la kudai usichokifanyia kazi, asianze na mtoto wa miaka 18.

Kwa nini basi Saban alishinda mataji sita Alabama, kama ugonjwa ulikuwepo wakati wote? Nina jibu moja, nalo lina jina la mtu: Jalen Hurts.

Januari 8, 2018, Atlanta, fainali ya taifa. Hurts ndiye mrushaji mkuu, amepoteza mechi mbili tu tangu aanze kucheza. Mapumziko Alabama wako nyuma ya Georgia 13–0. Wanaporudi uwanjani, Hurts amekaa pembeni, na mpira anao mtoto wa mwaka wa kwanza kutoka Hawaii, Tua Tagovailoa. Katika muda wa nyongeza mtoto huyo anarusha mpira wa yadi 41 kwa DeVonta Smith, naye wa mwaka wa kwanza, na Alabama wanashinda 26–23. Hurts alishangilia na wenzake. Kila mtu alitegemea atahama. Hakuhama, alibaki msimu mzima akisugua benchi nyuma ya mdogo wake. Desemba 1, 2018, fainali ya SEC, mji huo huo, uwanja huo huo, mpinzani yule yule, Tagovailoa aliumia na Alabama walikuwa nyuma 28–21. Hurts akaingia. Alabama wakashinda 35–28.

Mwezi huo huo alihitimu shahada yake, na ndipo alipoondoka kwenda Oklahoma. Februari 2025 aliiongoza Philadelphia Eagles kutwaa Super Bowl na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi.

Somo lililosomwa kila kitanda cha bweni la Alabama usiku ule wa Januari si la Tagovailoa. Ni kwamba rekodi ya mtu haikumlinda hata dakika 30. Katika timu ambayo aliyekupeleka fainali anaweza kuwekwa benchi ndani ya fainali yenyewe, hakuna anayelala akijiona amefika. Ukali wa aina hiyo unahitaji benchi lililojaa watu wa kiwango chako, na ulihitaji kwamba wa benchini hawana pa kwenda. Sasa wanapo. Saban alipostaafu, Caleb Downs, beki bora kabisa wa mwaka wa kwanza, alihamia Ohio State na mwaka mmoja baadaye akawa bingwa wa taifa huko. Huyo hakuhama kwa uvivu. Tangu msimu wa 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo, na kocha aliyempokea Saban, Kalen DeBoer, anajenga hofu ya benchi akiwa na watu ambao mlango wao uko wazi.

Kwenye chuo hicho hicho cha Tuscaloosa kuna mashujaa wengine ambao hawana jukwaa la watu 100,000, na baadhi yao wanazungumza lugha hii unayoisoma. Mercy Chelangat wa Kenya alitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani mwaka 2021 akiwa na jezi nyekundu ya Alabama. Mkenya mwenzake Doris Lemngole alishinda mbio za nyika na mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 2024, na Juni 2025 alizitetea za viunzi kwa dakika 8 na sekunde 58.15, rekodi ya vyuo. Mwanafunzi wa kigeni viza yake inambana. Ile mikataba ya matangazo ambayo mwenzake wa futiboli anaisaini akiwa amekaa kwenye kochi, yeye akiigusa vibaya anahatarisha ukaaji wake nchini. Bahasha iko mbali. Sisemi hivyo ili tuusifie umaskini, maana wakimbiaji hao nao wangestahili kulipwa. Nasema tu kwamba bingwa mtetezi aliyerudi na kukimbia kwa kasi zaidi alikuwa chuo kimoja na wale waliolala wakiongoza 28–0.

Turudi Nashville. Siku ile goli lilipotoswa, mrushaji wa Vanderbilt alikuwa Diego Pavia, kijana mfupi kutoka New Mexico ambaye alipomaliza sekondari vyuo vikubwa havikumtaka, akaanzia chuo cha miaka miwili cha kijeshi. Vanderbilt walishika mpira kwa zaidi ya dakika 40 kati ya 60. Huwezi kusema hilo ni suala la Alabama kubweteka peke yake. Dakika 40 hazidondoki kutoka kwenye uzembe wa mwenzako. Unazichukua yadi tatu kwa yadi tatu, sekunde chache kwa sekunde chache, kama vile mtu alivyowaelekeza vijana wa Michigan State mwaka 1998. Dawa ya Saban ilikuwa imenywewa siku hiyo, ila na upande wa pili.

Alabama walimaliza msimu huo na vipigo 4. Msimu uliofuata ulifunguliwa Agosti 30, 2025 dhidi ya Florida State, timu iliyokuwa imeshinda mechi 2 tu mwaka uliotangulia. Miezi miwili kabla, mrushaji wao, Tommy Castellanos, alikuwa amewakejeli Alabama hadharani kwamba safari hii hawana Saban wa kuwaokoa. Dharau yote ambayo Saban angeilipia ililetwa bure mpaka mlangoni. Alabama walifungwa 31–17.

Oktoba 4, 2025 Vanderbilt walikwenda Tuscaloosa wakiwa hawajafungwa na wakiwa katika orodha ya timu 25 bora za nchi, mashabiki wao wakizungumza kama watu wanaodai kitu. Alabama 30, Vanderbilt 14.